Zawadi za Idd kwa kura: wakubwa 17, Unguja, Wete na Maskati. Tupange vipi?

Mkaazi_wa_Kikwajuni

Assalaam alaykum jamaa. Ukoo wetu tunataka Idd el Fitr ya mwaka 2027 tuache utaratibu wa kila mtu kumnunulia kila mtu. Wakubwa tuko 17: Unguja 11, Wete kule Pemba wanne, Maskati kule Oman wawili. Ndani yake mna wanandoa jozi tano. Watoto hatukuwahesabu. Fikra yenyewe ni kila mtu apate jina moja kwa kura, amnunulie huyo tu, kwa siri, halafu tupeane siku moja ya sikukuu. Kima tulichokitaja ni 20,000.

Naomba wanaojua wanisaidie. Kura ipigwe vipi ili mtu asijipate mwenyewe wala mke asimpate mumewe, na huku wengine wako mbali? Kipi kinafaa kununuliwa na kipi kiepukwe? Za Wete zitafika vipi salama? Na ami yetu anauliza kama kura hii haina sura ya kamari. Nataka nimpelekee jibu kabla hatujaanza.

---

Karani_wa_Kura

Waalaykum salaam. Nianze na kura, kwa sababu mambo huharibikia hapo hata zawadi hazijanunuliwa.

Vijikaratasi vya kuvuta kwenye kofia viacheni. Kwa watu 17, kila mmoja akichukua karatasi moja bila kuangalia, nafasi ya kuwa angalau mtu mmoja atajipata mwenyewe ni kama 63 katika 100. Wala haipungui kwa kuongeza watu. Muwe 8 au muwe 50, ni hiyo hiyo. Aliyejipata akirudisha karatasi, wenziwe wote wameshajua jina gani limerudi. Na akijipata wa mwisho, hana pa kurudisha, mnaanza upya na nusu ya siri imeshatoka.

Pigeni kwa mduara. Andika majina 17 kwenye kadi za ukubwa mmoja, zichanganye kifudifudi kwa muda wa kutosha, kisha zipange mezani kuzunguka, ndipo uzifunue. Kila mtu anampa aliye kuliani kwake. Hakuna njia ya mtu kujipata, na hakuna watu wawili watakaopeana wenyewe kwa wenyewe wakajitenga na wengine. Baada ya kufunua, angalia jambo moja tu: yupo mke aliyekaa ubavuni mwa mumewe? Kwa jozi tano ndani ya watu 17, kiasi cha nusu ya michanganyo itakuwa safi na nusu itakuwa na kasoro. Ikiwa na kasoro, changanya kadi zote upya. Usiinyanyue kadi moja ukaihamisha kwa mkono, kwa sababu ukishaanza kuhamisha, wewe ndiye unayechagua nani ampe nani, na hiyo si kura tena. Kuchanganya upya mara mbili tatu hakumalizi dakika tano.

Kazi hii aifanye mtu asiyekuwemo katika wale 17. Jirani muaminifu anatosha, au kijana wa skuli ya sekondari katika ukoo ambaye hayumo kwenye hesabu ya wakubwa. Yeye ndiye atakayempelekea kila mtu ujumbe wake, wa Unguja, wa Wete na wa Maskati sawasawa, kwa hiyo umbali si tatizo. Ujumbe uwe na mambo manne: jina la unayempa, mapendezi yake, kima, na tarehe ya mwisho. Mambo mawili huvujisha siri hapa. La kwanza ni kuandika kwenye kundi la familia badala ya kwa mtu mmoja. Basi mpiga kura aandike kwanza ujumbe wote 17 kwenye karatasi, atume mmoja mmoja, na kila alipomaliza atie alama. La pili ni jina kuonekana juu ya kioo cha simu kabla haijafunguliwa, na simu imelala kitandani kati ya mke na mume. Mstari wa mwanzo uwe "Soma ukiwa peke yako", jina lifuate chini kabisa. Kila mtu ajibu "nimepata". Majibu yasipotimia 17, kura haijamalizika.

Orodha nzima iandikwe mara moja kwenye karatasi, itiwe ndani ya bahasha, mpiga kura atie saini juu ya mdomo wa bahasha, akabidhiwe mzee asiyependa kuulizwaulizwa. Mtaihitaji. Mtu akisafiri, akiugua au akijitoa, mduara unatengenezeka bila ya kupiga kura tena: kama Namba 5 anampa Namba 6, na 6 anampa 7, basi 6 akitoka, 5 anampa 7, ikiwa hao wawili si mke na mume. Anaarifiwa mtu mmoja tu, wengine 15 hawajui kitu. Kwa vijikaratasi vya kofiani hilo si la uhakika: mkitokea wawili mmepeana wenyewe kwa wenyewe na mmoja akatoka, anayebaki hana wa kumpa na hana wa kumpa yeye.

Sababu nyingine ya kupenda mduara ni siku yenyewe ya kupeana. Anzeni na mkubwa kuliko wote. Bibi anampa wake, aliyepokea anafungua, anasimama, anampa wake, hivyo hivyo mpaka wa mwisho anamrudia bibi. Kwa dakika mbili kila mtu ni kama dakika 34, na hakuna anayerukwa.

---

Darajani_Kwetu

Karani kamaliza ya kura. Mimi nizungumzie kima na kalenda, maana 20,000 ya Shaaban, mwezi wa kabla ya Ramadhani, si 20,000 ya kumi la mwisho la Ramadhani.

Idd ya 2027 inatarajiwa karibu na tarehe 10 Machi, kwa kufuata mwandamo. Maana yake Ramadhani inaanza karibu na 8 Februari. Sasa tazama mshahara. Wa mwisho wa Januari unaingia Shaaban ikiwa bado ipo. Wa mwisho wa Februari unaingia mwezi wa Ramadhani ukiwa umeshafika 20 na kitu. Mkiusubiri huo wa pili, mtakuwa sokoni Darajani katika zile siku kumi ambazo mji mzima uko Darajani, bei iko juu, chaguo limepungua na muuzaji hana nafasi ya kukufungulia doti ya tatu. Kwa hiyo kura ipigwe kabla ya mwisho wa Januari, na zawadi inunuliwe kwa mshahara wa Januari, isipite Ramadhani 10. Sikukuu hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka kwa kalenda ya miladi, basi hesabu hii ifanyeni upya kila mwaka.

Kima kiwe na ncha mbili. Mkisema "isizidi 20,000" tu, mmoja ataleta cha 20,000 na mwingine cha 6,000, na huyo wa pili hakuvunja sharti lolote. Semeni "kati ya 15,000 na 20,000". Kisha mkubaliane wazi kuwa nauli, karatasi ya kufungia na gharama ya kutuma pesa haviingii ndani ya kima. Wa Maskati wasipoambiwa hilo, watahesabu makato yao humo humo na zawadi itakuwa ndogo bila wao kukusudia. Na kabla hamjakipitisha, mtu mmoja apite madukani aulize bei ya vitu vitatu mnavyovifikiria. Kima kiwekwe kwa bei ya duka ya mwaka huo.

Faida ya kura iwekeni wazi kwa wanaosita: kila mtu kumpa kila mtu ni zawadi 272. Hata mkipeana vya 5,000 tu, kila mmoja anatoa 80,000. Kwa kura ni zawadi 17, na mtu anatoa 20,000 kupata kitu kimoja chenye maana.

Mapendezi: kwetu mtu huona haya kutaja anachotaka. Ukimwambia "andika unachopenda" atakuandikia "chochote". Mpeni orodha atie alama: nguo, manukato, vyombo, kitabu, cha kula. Aongeze mstari mmoja wa "usininunulie", hapo ndipo utajua nani moshi wa udi humletea kifua na nani sukari hapaswi kula.

Vinavyofaa na tahadhari zake:

Kanga ndiyo ya kwanza, na ndiyo inayoleta fitina kubwa kuliko vyote. Inauzwa doti, vipande viwili bado vimeungana, na mpokeaji ndiye atakayekata na kupinda, basi ipeleke kama ilivyo. Lakini isome jina! Ifungue doti dukani, soma maandishi ya chini, usichague kwa rangi. "Nani kama mama" kwa mama mzazi ni zawadi. "Hasidi hana sababu" kutoka kwa wifi kwenda kwa wifi ni ugomvi wa mwaka mzima, na hutaweza kumshawishi kuwa uliipenda maua. Kwa mkwe, wifi na mke mwenza chagua jina la dua au la heri, au acha kanga uchukue kitu kingine.

Kofia ya kushonwa kwa mkono haiingii katika kima hiki. Kazi yake ni ya wiki nyingi na bei inafuata kazi. Ya mashine inaingia, ila upate kipimo: uzi uzungushwe kichwani juu ya masikio, kisha upimwe kwa rula. Kofia ikibana haipanuki. Kanzu na baibui sikushauri hata kidogo. Zina kipimo cha mwili, na mafundi wengi katikati ya Ramadhani hawapokei tena kazi mpya, kwa hiyo ikikosewa hairekebishiki kabla ya sikukuu.

Udi wa kupikwa kwa sukari huvuta unyevu ukaanza kunata. Uwe ndani ya chupa ya mdomo mpana yenye mfuniko wa kubana, na usiwekwe pamoja na kitu cha kula. Haluwa, visheti na tende vikikaa siku mbili na udi ndani ya boksi moja, vyote vitakuwa na ladha ya udi. Haluwa yenyewe ni zawadi nzuri kwa sababu haihitaji friji. Chupa ya chai: mimina maji ya moto dukani kabla hujalipa, funga, ilaze ubavu, uone kama inavuja.

Moja la mwisho. Katika duara lenye wanaume na wanawake, mtu anaweza kumpata shemeji yake. Manukato na nguo kutoka kwa shemeji vinaweza kusomwa vibaya na watu wema kabisa. Wekeni sharti kuwa anayempa asiyekuwa maharimu wake, yaani mtu ambaye si haramu kuoana naye, achukue vyombo, kitabu au cha kula. Likiwa ni sharti la wote, hakuna anayeonekana kuwa mkavu.

---

Mtu_wa_Wete

Kuhusu za huku kwetu, usizitume moja moja. Kusanyeni zote nne zije pamoja, na chombo bora ni ndoo ya lita 20 yenye mfuniko. Maboksi hulowa bandarini, hasa Machi masika yanapoanza kunusa, na mifuko ya nailoni ya kubebea imepigwa marufuku Zanzibar, basi usiipangie safari. Ndoo haipiti maji, haibonyei ikiwekewa mzigo juu, na mwenye nyumba ataitumia baadae. Andika jina na simu ya mpokeaji mara mbili: juu ya mfuniko na ubavuni mwa ndoo. Ukiandika juu ya mfuniko tu, mifuniko hubadilishana. Kitu cha kuvunjika, kama chetezo cha udongo, kikae katikati kimezungushiwa doti ya kanga ile ile inayotumwa.

Boti nyingi hufunga Mkoani, ambako ni kusini, na Wete ni kaskazini. Mzigo bado una safari ya gari kupitia Chake Chake. Kwa hiyo panga mtu wa kupokea pale Mkoani siku ile ile, mwenye picha ya ndoo kwenye simu yake. Ukimpa abiria unayemjua, mpe na nauli ya mbele. Ukipeleka kwa mizigo, chukua risiti na umtumie mpokeaji picha yake kabla boti haijang'oa nanga.

Tarehe: isipite Ramadhani 20. Baada ya hapo watu wanarudi nyumbani kwa sikukuu, boti zinajaa na mzigo usio na mwenyewe ndani huachwa kwa safari ya kesho.

Na zinazotoka Wete kwenda Unguja mzisahau? Wanne wanapokea na wanne wanatoa. Ndoo ile ile irudi na zawadi zao.

Wawili wa Maskati waacheni watume pesa kwa mnunuzi aliye mji mmoja na mpokeaji. Angalizo: mnunuzi asiwe ndiye mpokeaji wala mwenza wake, kwa hiyo mpiga kura ndiye awateulie, yeye peke yake anajua. Zawadi zao wao zingoje msafiri, au wafunguliwe mbele ya simu na zihifadhiwe mpaka waje.

---

Chuoni_Jangombe

Nijibu la ami yako kwa heshima, naye ana haki ya kuuliza.

Kilichokatazwa katika Surat al-Maida, aya ya 90, ni maysir, yaani kamari: watu wanaweka mali, mmoja anaondoka na ya mwenziwe na mwingine anaondoka mikono mitupu. Katika mpango wenu hakuna anayepoteza. Kila mtu anatoa zawadi moja kwa ridhaa yake na kila mtu anapokea moja, kwa kima kilekile. Kura inachagua nani ampe nani tu. Na kura ya kuchagua mtu haina ugeni: Mtume (S.A.W.) alikuwa akipiga kura baina ya wake zake alipotaka kusafiri, na katika Aal Imran, aya ya 44, imetajwa kura ya kalamu juu ya nani amlee Maryam. Zawadi yenyewe imehimizwa: "Tahaadu tahaabbu", peaneni zawadi mpendane, imo katika Al-Adab al-Mufrad ya Bukhari.

Lakini yapo mambo yanayoweza kuisogeza ikakaribia asichokipenda ami. Kuchanga pesa pamoja kisha mmoja apate zawadi kubwa na wengine vidogo, usikubali. Ule mchezo wa kuweka zawadi zilizofungwa katikati na watu kunyang'anyana kwa zamu nao uacheni. Mtu anaingia na cha 20,000 anatoka na cha 5,000. Ncha mbili za kima alizozitaja Darajani_Kwetu zinasaidia hapa pia. Mpelekee ami maelezo haya, na neno la mwisho muachieni sheikh wa msikiti wenu ambaye atakaa naye uso kwa uso.

---

Mkaazi_wa_Kikwajuni

Ahsanteni sana, Mungu akulipeni. Nimebakiwa na mawili. Dada yetu anataka kufanya kama hivi ofisini kwao, watu 12, wengine wametoka Bara na si Waislamu. Na siku ya kupeana nyumbani iwe ipi?

---

Karani_wa_Kura

Nyumbani chukueni sikukuu ya pili, baada ya Alasiri. Siku ya mwanzo ina sala, kuzuru wazee na makaburi, na jikoni hakuna nafasi. Watu wataondoka kati. Na kwa kuwa mwezi unaweza kuandama 29 au ukatimia 30, msiandike "tarehe 11 Machi" kwenye ujumbe. Andikeni "sikukuu ya pili, saa kumi na nusu jioni".

Ofisini hakuna jozi za kuepusha, basi njia nzuri zaidi ni ya namba, ambayo hata msimamizi hajui kitu na yeye mwenyewe anaweza kucheza. Chukua kadi 12. Kila kadi andika namba ileile juu na chini, kuanzia 1 mpaka 12. Zigeuze kifudifudi, zichanganye, zipange safu moja. Zikate katikati bila kuzifunua, upate safu mbili, ya juu na ya chini, na vipande vya juu vitie alama mgongoni ili visichanganyike na vya chini. Sasa ile safu ya chini isogeze nafasi moja kushoto, na kipande kilichobaki nje upande wa kushoto kipeleke mwisho wa kulia. Kila kipande cha juu na kilicho chini yake viingie bahasha moja. Bahasha zichanganywe, kila mtu achukue yake. Namba ya juu ndiyo yako, ya chini ndiyo ya utakayempa. Ubaoni kila mtu anaandika jina lake mbele ya namba yake ya juu, na ya chini anaificha. Kwa kusogeza nafasi moja, hakuna anayejipata.

Kosa la kawaida hapa ni karatasi nyepesi inayoonyesha wino nyuma. Tumia kadi nzito au andika kwa penseli. Jingine ni kuchanganya vipande baada ya kukata, ukiona kama ndiyo usiri zaidi. Ukifanya hivyo umerudi kofiani.

---

Darajani_Kwetu

Kwa ofisi niongeze. Kima kiwekwe kwa kumtazama mwenye mshahara mdogo kuliko wote, mlinzi na msafishaji wakiwemo, na aulizwe faragha kama anataka kuwemo, asiulizwe mbele ya watu. Mkuu wa ofisi acheze kwa kima kilekile na asipewe cha ziada. Siku iwe wiki ya mwanzo baada ya kurudi kazini, Shawwal ikiwa imeshaingia, muda wa chai. Mkifanya mchana wa Ramadhani hakuna chai, na wasiofunga watakaa kwa tabu. Wenzetu wa Bara waambiwe mapema mwezi wa Shaaban, kwa sababu kalenda hii wengine hawaifuati na taarifa ya siku tatu haimtoshi mtu kutafuta zawadi.

Na nyumbani, kila mmoja kati ya 17 atoe 2,000 mkononi mwa mpiga kura. Ni 34,000: humo munapatikana zawadi moja ya akiba kwa atakayeachwa mkono mtupu saa ya mwisho, karatasi za kufungia na selotepu. Ikibaki, iongezwe kwenye mkono wa Idd wa watoto. Huo mkono msiuchanganye na kura. Watoto wapewe asubuhi ya sikukuu ya mwanzo kama kawaida, noti za 1,000, na noti hizo mpya zitafutwe benki kabla ya Ramadhani 20. Baada ya hapo kila mtu anazitaka.